Lori la Ng'ombe wa Mahari

Basi lilipotoka Bunda, Bibi Rhobi alijifanya amesinzia, maana bibi aliyesinzia husahaulika upesi. Kwenye kiti cha mbele yake, Ryoba alikuwa akimlilia fundi Kwangu, aliyekutana naye humo humo, kuhusu lori lake la zamani la petroli. "Likianza kupanda mlima linakohoaga kwenye kabureta, linazimika. Na Jumamosi nawapeleka ng'ombe wa mahari ya mpwa wangu, kwa Yakobo wa Buswahili. Likizimika kwenye kile kilima, wakwe watatucheka mpaka kwa wajukuu."

"Taimingi hiyo, kaka. Moto wa plagi unachelewa. Legeza distribyuta, ile inayogawa moto, izungushe kidogo."

"Nimeizungusha mpaka imechoka. Ni kabureta inabania petroli."

"Uliizungusha upande gani?"

Ryoba akatazama dirishani. Bibi Rhobi akauma upindo wa kitenge asicheke.

"Basi nunua kabureta mpya," akasema Kwangu, "halafu ulisukume lori pamoja nayo mpaka kwa wakwe."

Basi likasimama kwenye njia ya Buswahili. Bibi Rhobi akainuka, akamgusa Ryoba begani. "Likikataa kupanda, mkwe wangu, washushe ng'ombe watembee. Mimi mama yake Yakobo nitaweka kiti changu pale juu mapema."

Ryoba, ambaye tangu Bunda hakuwa amemwamkia, akasema shikamoo.