Mkono wa Maulidi

SAFIYA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

EUSTACE: Mama Maulidi? Mwalimu Eustace hapa, wa bweni la watoto viziwi, Shinyanga.

SAFIYA: Mwalimu! Shikamoo.

EUSTACE: Marahaba. Huko Nyahanga hamjambo?

SAFIYA: Hatujambo... mwanangu mzima?

EUSTACE: Mzima. Mzima kabisa. Ila—

SAFIYA: Ila nini?

EUSTACE: [mkwaruzo] —nasema, hapo ulipo umekaa?

SAFIYA: Nimekaa. Siku hizi kazi yangu ni kukaa tu. Sema, mwalimu.

EUSTACE: Mkuu wa shule anataka uje umchukue kesho.

SAFIYA: Nimchukue? Hata nusu ya muhula hajafika! Nafasi ile unajua nilivyoihangaikia. Nimekwenda ustawi wa jamii mpaka mlinzi akawa ananisalimia kama mfanyakazi mwenzake. Ustawi wanasema nenda elimu, elimu wanasema rudi ustawi—

EUSTACE: Najua, mayu, mama yangu. Lakini mtoto anakaba wenzake.

SAFIYA: Anafanya nini?

EUSTACE: Anawakaba. Wakijiandaa kulala, anashuka kitandani, anamfuata mwenzake, anamshika koo. Jana kamshika mlezi wao. Mama wa watu kapiga yowe, bweni zima likashtuka.

SAFIYA: Anamshika koo?

EUSTACE: Mimi simwoni mkorofi. Mchana hana neno na mtu. Ndiyo maana nimemwomba mkuu nizungumze na mzazi kwanza. Nyumbani alikuwa na tabia hiyo?

SAFIYA: [kimya]

EUSTACE: Haloo? Mtandao, au?

SAFIYA: Nipo.

EUSTACE: Baba yake anasemaje?

SAFIYA: Baba yake yuko maduarani huko Geita, anachimba dhahabu. Tangu aende simu haipatikani. Niko peke yangu, mwalimu. Jioni napika wali, nikipakua ndiyo nashtuka nimepika wa watu wawili.

EUSTACE: Pole sana.

SAFIYA: Kwa hiyo nikija kesho... kesho hiyohiyo analala kwangu.

EUSTACE: Analala kwako. Na nafasi anapewa mwingine, hapo mimi sina uwezo.

SAFIYA: Eeh.

EUSTACE: Kwa hiyo unakuja?

SAFIYA: Mwalimu, mimi...

EUSTACE: Mama Maulidi, dakika zangu zinaisha—

SAFIYA: Hakabi.

EUSTACE: Unasema?

SAFIYA: Mwanangu hakabi mtu! Nilitaka kunyamaza, Mungu anisamehe. Nilitaka arudi. Sikiliza, mwalimu. Tangu akiwa mdogo, kabla hajalala nachukua mkono wake, nauweka hapa kooni, namsomea dua. Hasikii, lakini koo linatetemeka, anajua mama anasema naye. Ndipo analala. Sasa huko kwenu nani kampa koo lake? Anakwenda kulitafuta mwenyewe.

EUSTACE: Aisee...

SAFIYA: Yuko wapi?

EUSTACE: Hapo nje ya ofisi. Kakalia begi lake.

SAFIYA: Begi ameshafunga?

EUSTACE: Wamemfungia.

SAFIYA: Mwite. Inama, mpe shingo.

EUSTACE: Mimi?

SAFIYA: Unaogopa nini? Si mtoto huyo!

EUSTACE: [mbali na simu] Njoo. Njoo hapa, usiogope. Haya... [mkwaruzo] Kashika. Nisome dua gani sasa? Mimi Mkristo, mayu.

SAFIYA: Soma hata bei ya mchele. Polepole tu, na sauti iwe nzito.

EUSTACE: Mchele... mchele umepanda, Maulidi. Wa Kahama umepanda, wa Shinyanga umepanda...

[kicheko cha mtoto]

SAFIYA: Huyo ni yeye?

EUSTACE: Ndiye. Kafumba macho.

SAFIYA: Anacheka hivyo?

EUSTACE: Hujawahi kumsikia?

SAFIYA: Nyumbani nilimsikia kila siku. Kwenye simu ndiyo mara ya kwanza.

EUSTACE: Naingia naye kwa mkuu sasa hivi, naye ashikwe koo aone. Na mlezi nitamwelekeza mwenyewe. Mtoto anabaki, mama.

SAFIYA: Anabaki.

EUSTACE: Unalia?

SAFIYA: Nimefurahi. Nimefurahi na ninaumia, mwalimu, usinielewe vibaya. Nenda, usije ukamkosa mkuu. Begi lifunguliwe.

EUSTACE: Linafunguliwa. Haya, mayu, likizo utakuja—

SAFIYA: Subiri! Mwambie mlezi akimaliza akohoe kidogo. Mimi nikikohoa ndiyo anajua nimemaliza, anaachia mkono. Asipokohoa hatamwachia, atakaa hivyohivyo ame—

[mlio wa simu kukatika]

SAFIYA: Haloo? Mwalimu?

[mlio uleule]

SAFIYA: Maulidi?