Kiti cha Pleya

BABA: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Shikamoo, baba. Ni mimi.

BABA: Marahaba. Mimi nani? Namba hii siijui.

BINTI: Mwanao. Nimeazima simu ya mwenzangu hapa hotelini, yangu imezima chaji. Umeshindaje?

BABA: Salama tu. Ngoja nipunguze sauti — (muziki unashuka) — haya. Umesikia hiyo?

BINTI: Redio?

BABA: Redio gani. Pleya yako ya nyimbo.

BINTI: Ile nyekundu? Baba, ile ilikufa nikiwa sekondari. Chaji haishiki mpaka uibane na —

BABA: Na kidole, uilaze kushoto. Najua. Nimeibana wiki nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Sasa nimeijengea kiti.

BINTI: Kiti cha mbao?

BABA: Cha vile vitofali vyako vya plastiki vya kuchezea.

BINTI: (anacheka) Vile ulivyokuwa ukivikanyaga, ukaapa utavitupa?

BABA: Mama yako alivificha kwenye kopo la maziwa, nyuma ya cherehani. Nilikuwa natafuta vifungo. Nimejenga ukuta huku na huku, pleya inakaa katikati, imelala kidogo, waya unaingilia chini. Spika iko nyuma. Haitikisiki.

BINTI: Fundi nguo kawa fundi ujenzi.

BABA: Cheka tu. Mara ya kwanza nilijenga mpaka juu, nikafunga vizuri. Naangalia, waya uko nje.

BINTI: Kama ile suti ya bwana harusi —

BABA: Niliyoshonea mkasi ndani ya bitana, ndiyo. Hiyo hutaisahau.

BINTI: Aliingia nao ukumbini, baba.

BABA: Basi ni mkasi huohuo nimebomolea ukuta. Vimeshikana vile, kucha hazifui dafu.

BINTI: Baba, nimekupigia kwa sababu —

BABA: Ehe, umenikumbusha. Simu yako ina upana gani?

BINTI: Simu yangu?

BABA: Nipe vipimo. Chaki ninayo mkononi.

BINTI: Vya nini?

BABA: Kiti kina nafasi mbili. Moja ya pleya, moja ya simu yako. Kila ukija unajikunja pale sakafuni kwenye soketi, unalinda chaji. Jumamosi utaiweka hapa mezani, tukae kama watu.

BINTI: (anafunika simu kwa kiganja)

BABA: Haloo? Mtandao huu nao — haloo?

BINTI: Nipo, baba.

BABA: Upana.

BINTI: Sina rula.

BABA: Pima kwa vidole. Vidole vyako navijua.

BINTI: Vinne. Vinne na kidogo.

BABA: Unene?

BINTI: Baba, Jumamosi —

BABA: Na kava, au bila kava? Maana kava nalo —

BINTI: Jumamosi siji.

(Laini inakwaruza.)

BINTI: Wamebadilisha zamu. Dada mmoja wa mapokezi amejifungua kabla ya siku zake. Mpaka wapate mtu.

BABA: Lini hiyo?

BINTI: Hawajasema.

BABA: Sawa. Kazi ni kazi.

BINTI: Umekasirika.

BABA: Sijakasirika. Nimeshafua mashuka, basi.

BINTI: Baba...

BABA: Nyumba imekuwa kubwa, mama. Tangu mama yako atutoke, sindano ikianguka naisikia ilikoangukia. Ndiyo nikasema niifufue hii pleya, pawe na mtu anaongea.

BINTI: Mbona hukuniambia? Kila nikipiga, salama tu, salama tu.

BABA: Si nimekuambia sasa.

BINTI: (anavuta pumzi) Na huo wimbo haukatiki?

BABA: Haukatiki. Nyimbo ziko kumi na saba. Hata zile za makelele nazijua maneno.

BINTI: Wewe?

BABA: Ningefanyaje? Zikiisha zinaanza upya.

(Muziki kwa mbali.)

BINTI: Wananiita mapokezi. Baba, kava lipo.

BABA: Eh?

BINTI: Simu ina kava. Unene wake, vifungo vya koti vitatu, ukivipanga.

BABA: Vifungo vitatu. Nimeandika.

BINTI: Usibane sana.

BABA: Upande mmoja nitauacha wazi, kama nilivyokuwa nikikuachia pindo la sare ya shule. Huenda ukaja na simu nyingine.

BINTI: Nitakuja na hiyohiyo, baba.

BABA: Haya. Nenda, wasije wakakusema. Mrudishie mtu simu yake.

BINTI: Usikate. Mwenyewe yuko mapokezi, nampelekea huko huko. Pandisha sauti kidogo, nitembee nayo.

BABA: (muziki unapanda) Inafika?

BINTI: Inafika.

BABA: Ni korido ndefu hiyo?

BINTI: Siyo sana.

BABA: Basi tembea polepole.