Mimba Isiyotaka Swaumu

Baridi ya Dongobesh haina adabu. Jua limeshapanda na watu bado wamejikunyata, ndiyo maana benchi langu halikosi makalio. Nauza kahawa hapa yanaposimama mabasi, wananiita Mzee Birika, na hilo jina sijawahi kulipenda. Kahawa yangu chungu, watu wangu wabishi. Wa kwanza ni Felician, mjumbe wa mtaa, tunamwita Mjumbe. Methali anazo gunia zima ila hajui ipi inaingia wapi. Wa pili ni Abdulrahim, kijana wa kuchaji simu, jina lake Bando, maana kila neno lake limetoka mtandaoni. Wa tatu ni Nurdin, mnunuzi wa vitunguu swaumu, tunamwita Swaumu. Leo Swaumu amekuja na begi la mkewe, ameliweka katikati ya miguu, na uso umemshuka.

Mjumbe: Safari?

Swaumu: Si mimi, begi. Linaenda Katesh kwa mama yake Samira. Basi likija nampa konda. Nguo zake zote zimo.

Samira, mkewe, aliondoka Jumapili, hilo tulilijua. Tulijua pia ana mimba ya miezi miwili, maana Swaumu mwenyewe alitutangazia, wakati mama yake mzazi alimwonya afunge mdomo mpaka tumbo lionekane.

Mimi: Umempa talaka?

Swaumu: Sijampa. Lakini mwanamke akikuambia "usije", unabaki na nini? Nikiingia ndani, yeye anakimbilia nje kutapika. Nikimsogelea anaziba pua. Jua halijazama keshalala. Nikimuuliza kitu analia. Juzi amelia eti kuku kamwangalia vibaya! Amekwenda kwa mama yake, nampigia kwamba nakuja, ananiambia usije. Basi. Sitakiwi, wallahi. Nimpelekee vitu vyake yaishe.

Mjumbe: Usikate tamaa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtoto ndiye mgeni, wewe ndiye mwenyeji. Kwa hiyo mgonjwa ni wewe.

Swaumu: Mgonjwa wa nini?

Mjumbe: Hapo methali haikufika.

Bando: Wazee, ngojeni niwape sayansi. Mimba changa hivyo, mtoto ni kama punje ya haragwe tu. Nimesoma jana kabla bando halijakata. Ila pua ya mama inapanda, yaani inatoka tu-G inaingia faivu-G. Samira akiwa Katesh anakunusa wewe ukiwa hapa.

Swaumu akainua kola ya koti lake akainusa. Koti lenyewe ni la kazi, halijaonja sabuni tangu msimu uanze. Halafu kabla mkewe hajaondoka, Swaumu alikuwa akilala stoo, juu ya magunia ya swaumu, kwa ushauri wa Mjumbe kwamba mama mjamzito aachiwe kitanda. Nilisema siku ile kwamba huo ni ushauri wa mlevi, lakini nani anamsikiliza muuza kahawa!

Mjumbe: Huyo mtoto ni wa kike. Mke wangu, Mama Brightness, alipokuwa na mimba ya Brightness alichukia redio yangu. Redio, jamani, hata hainuki! Alisema sauti ya mtangazaji inamtia kichefuchefu. Nikaiuza. Brightness kazaliwa, mpaka leo hanyamazi. Ndiyo wakasema, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mimi: Mjumbe, umejitukana.

Mjumbe: Nimetoa mfano.

Bando: Kwa hiyo anayekataa swaumu akiwa tumboni, akikua atakuwa bwana afya. Soko lote hili atalifunga.

Mjumbe: Au siyo mtoto. Inawezekana ni mzee wa zamani anarudi. Swaumu, kumbuka vizuri. Hakuna mzee uliyempunja kwenye mizani akafa kabla hamjamalizana?

Swaumu akawaza. Aisee, nilimwona kabisa anawaza, na vidole anavikunja kimoja kimoja. Hapo nikapandwa na hasira.

Mimi: Acheni ujinga! Mke wa mtu anatapika huko, ninyi mnafufua wafu!

Mjumbe: Tulia, Mzee Birika, haraka haraka haina baraka. Natoa suluhisho. Swaumu aache swaumu, auze alizeti mpaka mtoto azaliwe. Mtoto akianza shule tumwite hapa benchini, aeleze alikuwa na shida gani na baba yake.

Bando: Naunga mkono hoja.

Wakati wanaunga mkono huo upuuzi, mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa pembeni ya benchi anasubiri basi, kitenge kimemfunika mpaka masikioni. Vijana walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba kahawa. Aliniambia jina lake Hilaria, anakwenda Haydom kwa basi hilohilo kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alikunywa nusu kikombe. Kisha akamgeukia Swaumu.

Hilaria: Mwanangu, samahani. Huyo mkeo, leo amekula nini?

Swaumu akamwangalia Mjumbe. Mjumbe akaangalia ndani ya kikombe. Bando alitoa simu mfukoni, akairudisha.

Hilaria: Na jana?

Watu wazima sisi, wenye watoto nyumba nzima, na tukaanza kutazama barabarani kama basi linakuja.

Hilaria: Kliniki mmekwenda?

Swaumu: Ndiyo mama, tena wote wawili. Tukapimwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu.

Hilaria: Hapo mmefanya vizuri. Kichefuchefu, usingizi, machozi, kuchukia harufu, hayo ni ya miezi hii, wengi huwapungua wakisogea mbele. Ila akishindwa kubakiza hata maji tumboni, au akiona damu, ni hospitali siku hiyohiyo. Sasa wewe utajuaje, na hujui amekula nini?

Swaumu alibadilika rangi. Mpaka hapo alikuwa amenuna. Sasa aliogopa, na sisi tukaogopa naye. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, Bando akamsaidia kuweka sauti ya nje.

Samira: Haloo.

Swaumu: Samira. Leo umekula nini?

Samira: Nani kakwambia uniulize?

Swaumu: Mama mmoja hapa kijiweni.

Samira akacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka, lakini kicheko.

Samira: Nimekula viazi viwili vya kuchemsha, na chumvi kidogo.

Swaumu: Halafu?

Samira: Vimekaa.

Swaumu akatugeukia, macho yamejaa maji.

Swaumu: Vimekaa!

Mjumbe: Vimekaa! Mungu mkubwa!

Bando alipiga makofi. Mimi nilimwaga kahawa na sikujali. Viazi viwili tu, jamani, tena vya watu wa Katesh, na benchi zima limesimama kuvishangilia.

Samira: Uko na nani wewe, mbona kelele?

Swaumu: Achana nao. Samira, kwa nini ulisema nisije?

Samira: Nilisema usije na hilo koti. Ulikata simu kwenye "usije", hukuningoja nimalize. Toka siku hiyo nakusubiri.

Wote tukamwangalia. Yeye akaliangalia koti.

Basi likafika kwa honi. Konda akanyoosha mkono kuchukua begi.

Swaumu: Begi linabaki, bwana. Anayesafiri ni mimi.

Akavua koti, akanitupia, akapanda na shati jembamba kwenye ile baridi, baada ya kumpisha Mama Hilaria atangulie. Alikuwa anatetemeka na kucheka mle dirishani. Nilifurahi, nasema wazi, ingawa Bando alilishika lile koti kwa vidole viwili akaenda kulitundika mbali na birika langu.

Basi lilipoondoka Mjumbe alikaa bila methali hata moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akatoa simu, akatupa mgongo.

Mjumbe: Mama Brightness? Eeh, mimi. Leo umekula nini?

Akasikiliza. Akasikiliza sana. Akaishusha simu polepole.

Bando: Anasemaje?

Mjumbe: Anauliza nimefanya kosa gani.