Arafa Mtoro, Fundi wa Sauti wa Dunda

Kwa idhini ya masheikh na wazee mliopo, mimi Yahya, mdogo wake marehemu, ninasoma kwa niaba ya familia.

Dada yetu Arafa Mtoro Ausi alizaliwa Kerege tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Mtoro, mkulima, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1982 hadi 1988, kisha sekondari Bagamoyo mjini hadi 1992, na tangu utotoni alikuwa hawezi kuona redio mbovu akaiacha.

Mwaka 1994 aliajiriwa na Mzee Jaysukh, dukani kwake Mtaa wa India, kutengeneza redio, na tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu Mikdad wa Saadani, wakajaaliwa watoto wawili, Swaumu na Shuaibu. Mwaka 2005 alifungua studio yake Dunda, akirekodi maulidi, harusi na masimulizi ya wazee.

Sasa tuseme lile ambalo mwenyewe aliagiza lisemwe. Mwaka 2008 alimrekodi baba akiitaja nasaba yetu yote, kwa mashine ambayo mafaili yake yalifunguliwa na programu ya kampuni moja tu, na kwa kuwa lile la baba alilipenda kuliko yote, alilitia kufuli ambalo ufunguo wake ulikaa ndani ya mashine ile, asije mtu akaligusa au akalifuta. Baba alifariki 2010, mwaka uliofuata kampuni ikafungwa, naye dada akaona njia ya mkato, akabadilisha herufi za mwisho wa majina ya mafaili yote mia mbili na kumi na mbili yaliyokuwa kwenye kompyuta, akaridhika kwamba ameshayageuza yafunguke kwa programu yoyote, akafuta kila kilichokuwemo mashineni ili aende nayo harusi ya Jumamosi. Jumapili hakuna hata moja lililofunguka, maana alikuwa amebadilisha kibao cha mlangoni tu, na ya ndani yalikuwa vile vile.

Iliuma sana, lakini hakukaa kitako. Alijifunza kwa miaka minane, na mwaka 2019, kwa programu ya bure iliyoandikwa na watu wa kujitolea, aliyafungua mafaili mia mbili na kumi na moja, akayahamishia kwenye mifumo huria ya sauti, ogg na flac, ambayo haina mwenyewe wa kuifunga, akampelekea kila mtu sauti ya mzee wake. Walimtania wakamwita Mama Ogi, kwa kuwa redio nyingi zilikuwa zikiikataa hiyo ogg, naye akacheka nao, akamsihi Mzee Jaysukh asiagize redio kabla ya kuijaribu kwa flashi yake, na leo redio zote za duka lile zinaicheza, na madrasa tatu zinahifadhi darsa zao kwa mfumo huo.

Lililobaki ni la baba, kwani ufunguo wa kufuli lake ulifutika siku ile alipoifuta mashine.

Alianza kuugua figo Agosti 2022, na alifariki tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 51.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dunda, Mzee Jaysukh, na wote mlioleta flashi zenu msibani, tukawasikia wazee wenu wakisema.

Dada, faili la baba tunalo, lipo sehemu tatu kama ulivyotufundisha, halijafunguka, na hakuna atakayelifuta. Lala kwa amani, Mungu akurehemu.