Historia ya Aikande Msechu, Aliyesikiliza Pande Zote Mbili

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, mwenyekiti wa kijiji, wafanyabiashara wenzake marehemu wa Majengo, wakwe zetu na majirani wote mliojaa katika kihamba hiki cha ukoo mpaka migomba haionekani, mimi ni Eliaichi Saria, mdogo wake marehemu wa kumfuata, na kamati ya mazishi imenipa dakika kumi, ambazo dada yangu angesema hazifikii hata upande mmoja wa kanda, lakini nimeahidi kuzitii.

Aikande, binti wa Gidioni Saria, alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 hapa hapa Old Moshi, mtoto wa tatu kati ya saba, akabatizwa mwezi uliofuata, na kwa kuwa baba yetu ndiye aliyekuwa na gramafoni mtaa huu, kazi ya kuzungusha mpini wake alikabidhiwa yeye, kwa sharti moja la baba, kwamba sahani ikianza haiondolewi katikati, kwa sababu mtu amekuja kukuimbia hadi nyumbani kwako, umwache amalize.

Alianza shule mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, akasomea uhazili mjini Moshi, na mwaka 1967 akaajiriwa kuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya umma, ambayo katika muda wote aliokuwamo ilibadilishwa jina mara nne bila kazi yake kubadilika, hadi tarehe 30 Juni 1988 alipoambiwa kwa barua, aliyoichapa mwenyewe kwa kuwa mwenzake alikuwa likizo, kwamba nafasi yake imeondolewa.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Godwin Msechu siku ya Jumamosi tarehe 18 Desemba 1971, wakajaliwa watoto wawili, Hellen aliyezaliwa mwaka 1973 na Gidioni aliyezaliwa mwaka 1976, na shemeji Godwin, kama mnavyojua, ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya usharika wetu tangu kabla ya ndoa hiyo, jambo ambalo historia hii italirudia.

Septemba 1988, masharti ya biashara yalipokuwa yamelegezwa na kila aliyekwenda Nairobi akirudi na redio kaseti, marehemu alipanga chumba cha mbele mtaa wa Majengo, mjini Moshi, kati ya fundi cherehani na muuza viatu vya mitumba, akafungua duka la kanda, na kila Jumamosi saa nne asubuhi alitundika spika juu ya mlango, akapendekeza albamu mpya za wiki hiyo, za dini na za dunia, bila kubagua, na bila kuipendekeza hata moja ambayo hakuisikiliza pande zote mbili hadi mwisho. Wapo hapa wanaokumbuka mapendekezo hayo neno kwa neno, kama ile taarabu aliyosema, "Hii ni ya mtu aliyeachwa, kama hujaachwa itakuchosha," au rumba ya Kongo, "Magitaa ni asali, maneno usijali, hata hivyo huyaelewi," au albamu ya dansi aliyoinua juu mbele ya wakala wake na kusema, "Nyimbo mbili nzuri, sita za kusindikiza," na hata vijana wa kurap, ambao wazee tuliwakunjia uso, aliwasikiliza, akatuambia, "Wanakimbiza maneno kama mnadi wa ng'ombe, lakini wana la kusema, wanunueni."

Ofisa mmoja wa mji alifika kumuuliza kama sauti ile ni tangazo au burudani, kwa sababu kila moja ina dirisha lake na fomu yake, marehemu akamjibu, "Inategemea kanda, mwanangu," na baada ya kupelekwa dirisha hili na lile kwa miezi mitano alipewa kibali cha kunadi mitumba, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa kimechapishwa, akakiwekea fremu, akakitundika ukutani, kwa hiyo kwa mujibu wa serikali tunayemzika leo ni mnadi wa nguo za mitumba.

Mwaka 1994 kwaya yetu ilirekodi albamu yake ya kwanza ili kuezeka kanisa, na mwenyekiti wa kwaya, Mzee Ebenezeri Njau, ambaye tuko naye hapa, akaipeleka dukani ipendekezwe, marehemu akaisikiliza pande zote mbili, na Jumamosi ilipofika, waumini wakiwa wamejipanga nje na hela mkononi, akasema kwenye spika kwamba upande A kinanda kimemeza sauti za akina mama, na upande B nusu yake ni hotuba ya mwenyekiti. Watu wakacheka, wakarudisha hela mifukoni, na jioni yake marehemu akaitwa mbele ya wazee, Mzee Ebenezeri akamwambia, "Mama Hellen, hii ni kazi ya Bwana," naye akajibu, "Shikamoo mzee, ndiyo maana siwezi kuitolea ushahidi wa uongo." Shemeji Godwin, ambaye besi yake ndiyo pekee iliyosikika vizuri katika kanda ile, alikula mtori wake wa ndizi uani peke yake kwa wiki tatu, na marehemu hakumbembeleza, alimwongezea tu mtori, na kila aliyemfuata dukani kumsihi, nikiwemo mimi, alijibiwa, "Rudieni, nitasikiliza tena." Kwaya ikarudia mwaka 1995, kinanda kikawekwa mbali na akina mama, hotuba ikatolewa, marehemu akaipendekeza Jumamosi tatu mfululizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwanamuziki yeyote, na bati tulizokaa chini yake asubuhi hii kwenye ibada zilitoka katika kanda ile, iliyouzika hadi Same kwa sababu aliyesema ni nzuri alikuwa ndiye aliyesema ya kwanza ni mbaya.

Marehemu alianza kuugua kisukari na shinikizo la damu mwaka 2000, akaendelea na duka akiwa amekaa kwenye kiti, akalazwa hospitali ya rufaa tarehe 2 Agosti 2003, na Jumatano tarehe 13 shemeji Godwin akampelekea redio kaseti na albamu mpya ya kwaya, ile itakayozinduliwa Jumapili ijayo ili kujenga nyumba ya mchungaji, akasikiliza upande A wote amefumba macho, akasema, "Hapa mmetulia," kisha akasema, "Geuza," lakini muuguzi akaja kutangaza kwamba muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, marehemu akamwambia mumewe, "Basi, kesho," na Alhamisi tarehe 14 Agosti alfajiri akafariki dunia.

Hapa niseme jambo. Rasimu ya historia hii ilipitiwa na kamati ndogo, ikarudi kwangu ikiwa na sentensi isiyo yangu, kwamba kabla ya kufariki marehemu aliipendekeza albamu mpya ya kwaya, na Mzee Ebenezeri jana usiku alinishika mkono akaniambia, "Eliaichi, ni sentensi moja tu, na ni kwa ajili ya nyumba ya mchungaji." Mzee, shikamoo, nakuheshimu, lakini sentensi hiyo sitaisoma, dada yangu alisikiliza upande A akasema mmetulia, upande B hakuufikia, na kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyemsemea mwanamke huyu neno ambalo hakulisema, hatutaanza leo wakati hawezi kujibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo yule aliyefuata sheria ya muda, tunawashukuru majirani kwa maji, kuni na migomba iliyokatwa bila kuulizwa, na wenye maduka Majengo waliozima spika zao tangu Alhamisi.

Ratiba iliyochapishwa inasema kwaya itaimba wimbo mmoja, lakini Baba Mchungaji ameridhia wakati wa kushusha jeneza na kufukia ziimbwe nyimbo zote za upande B, kwa mpangilio wake, na shemeji Godwin ameomba asikae kiti cha mfiwa bali asimame kwenye safu ya besi, kwa kuwa wimbo wa kwanza unaanzwa na besi, nanyi ndugu mnaombwa asiondoke mtu katikati.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Mwalimu wa kwaya, geuza.