Jiwe Moja kwa Kila Mwanafunzi

Habari hii aliisimulia kwanza Ruth Anyiko, mke wa Ombok, tarehe 26 Desemba 2024, baada ya chakula cha mchana, mbele ya watoto na wakwe, Ombok mwenyewe akiwa amekaa palepale akiitazama sahani yake. Wapo wanaosema yalitokea siku ya Jumanne. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Aprili mwaka huohuo, saa nne na robo asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imekatika. Kijiwe kilikuwa nje kidogo ya mji wa Nyamira, kwenye kona ambapo njia ya kampasi inaachana na barabara ya Keroka, mbele ya duka la Zubair la vyombo na vioo vya madirisha. Benchi lilikuwa ubao mmoja wa mkaratusi, mrefu na mnene, uliowekwa juu ya mafungu mawili ya mawe. Kwa kuwa mafungu hayo yalikaribiana mno, aliyekaa mwisho wa ubao hakuweza kuondoka kimyakimya. Ilimpasa aseme, "Naamka," na wengine wajishikilie, la sivyo upande wa pili ungeshuka na watu na kahawa yao. Hata wageni walifunzwa sheria hiyo kabla ya kupewa kikombe.

Ubao huo haukuanza maisha yake kama benchi. Ulikuwa daraja la kijito kilicho chini ya kampasi. Mei 2020 maji yalifurika yakauondoa mahali pake, yakauacha umelala kwenye matete. Wanafunzi walikuwa wamerudishwa makwao kwa sababu ya korona, makanisa yamefungwa, hapakuwa na wa kuvuka. Ombok na Zubair waliubeba wakapanda nao hadi dukani ili usioze. Walikubaliana kuurudisha maji yakipungua. Maji yalipopungua walikuwa wameshaukalia.

Ombok alikuwa amestaafu kazi ya ukarani wa stoo, na pale kijiweni aliitwa Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge, maana alikumbuka nani alisema nini, siku gani, na kama alikuwa amevaa koti. Watu waliobishana walitoka hadi sokoni kuja kumuuliza. Jambo moja tu hakuwahi kulikumbuka kwa sauti. Kanisa la ng'ambo ya kijito lilipofunguliwa, Ruth alimuuliza, "Ile mbao ya mtoni iko wapi?" Naye akajibu, "Maji yalibeba." Tangu siku hiyo Ruth alizunguka kwa barabara ya lami kila Jumapili, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na Ombok alikaa juu ya neno lake hilo, Jumatatu hadi Jumamosi.

Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Ombok upande wa kushoto, Zubair katikati, na Ubah, mwenye kahawa, kwenye stuli yake na termosi kati ya miguu. Mose akafika na bodaboda. Walimwita Brekingi, kwa kupenda habari motomoto.

— Wazee, Jumatano tumekwisha!

— Shuka kwanza, alisema Ubah. Habari ya mtu aliye juu ya pikipiki mimi siamini.

Mose akashuka, akakaa mwisho wa kulia, akachomeka kidole kwenye tundu lililokuwa ukingoni mwa ubao, kama alivyozoea, akasoma kwenye simu yake.

— Nimepiga picha notisi ya getini. "Wiki ya Wanafunzi. Jumatatu, mashindano ya kwaya. Jumanne, mdahalo ukumbini. Jumatano saa nne asubuhi, kila mwanafunzi aje getini na jiwe moja, lisiwe dogo kuliko kichwa cha mtu."

— Kichwa cha nani? aliuliza Zubair.

— Haijasema.

— Lazima waseme. Vichwa havilingani. Hicho chako kinarushwa kwa mkono mmoja.

— Na chako, bwana Zubair, kinaletwa na lori.

— Wacheni, alisema Ubah. Huko juu wako wangapi?

— Elfu tatu mia moja na arobaini, alisema Ombok bila hata kufikiri. Ilisomwa siku ya kupanda miti, Novemba, tarehe kumi na tatu.

Zubair aligeuka akatazama vioo vyake, kimoja baada ya kingine, kama anayeagana na jamaa.

— Mawe elfu tatu. Na duka la kwanza kutoka getini ni la nani?

— Lako, alisema Mose. Pole.

— Jumatano sifungui. Nitaegemeza magodoro mbele.

— Jiwe kubwa kama kichwa halirushwi, alisema Ubah. Nyinyi hamjawahi kubeba jiwe? Hilo ni la kukaliwa. Mwanafunzi mmoja anayekunywa kahawa kwangu anasema darasani wako mia tatu na viti ni sabini. Wanaingia alfajiri kushika kiti, kama wako kliniki. Sasa kila mtu anajiletea kiti chake.

— Kiti cha jiwe?

— Nani atakiiba?

Mose aliirudisha simu mfukoni.

— Mimi nina habari za ndani, wazee. Kuna msee wa ujenzi ameniambia. Hao makomredi wamechoka kuandika barua. Jumatano wakubwa wakiwa ofisini kwa mkutano, wanajenga ukuta mlangoni. Mawe elfu tatu! Kabla chai ya saa nne iishe, mlango hakuna.

— Na simiti? aliuliza Zubair.

— Simiti ndiyo siri yenyewe.

— Na madirisha?

— Si hapo ndipo watapitishiwa chakula? Kamukunji, mkutano wao wa wanafunzi, imeshaamua. Mkubwa akitaka kutoka, atie sahihi kwanza, karatasi ipite dirishani.

— Ya Rabi, alisema Ubah akicheka. Basi nitawauzia kahawa dirishani.

Zubair hakucheka. Alishusha sauti, akainama mbele, ubao ukalia.

— Nyinyi mnaona siasa. Mimi naona sayansi. Mawe ya Tabaka yanachongwa tembo na viboko, yanakwenda ng'ambo. Nani amewahi kupima mawe ya huku kwetu? Hakuna. Sasa mtu mkubwa amekuja na mashine, lakini hataki kuonekana. Anafanyaje? Anawatuma wanafunzi. Kila mmoja jiwe moja, kutoka kila shamba, kutoka Marani hadi Keroka. Wanafikiri ni maandamano, kumbe ni sampuli! Wakipata wanachotafuta, sisi sote tunahamishwa.

— Tunahamishiwa wapi? aliuliza Mose, ambaye alianza kuamini.

— Hapo ndipo sijui.

— Hansadi, alisema Ubah. Mbona leo umekaa kama mgeni? Uliona mambo haya mwaka gani?

Ombok alikuwa ameelewa. Alijua kila mahali palipohitaji jiwe katika eneo lile. Barabara ilikuwa na lami, kampasi ilikuwa na sakafu. Mahali pamoja tu watu walishuka kwenye tope kila asubuhi ya Aprili, viatu mkononi, ili wafike darasani. Aliona pia kwamba mwanafunzi mmoja akianza kuweka jiwe pale, wa pili atauliza kulikuwa na nini zamani. Na siku swali hilo likifika kijiweni, benchi litaondoka, na jina la Hansadi litaondoka nalo, na nyumbani kutakuwa na Ruth.

— Ni michezo, alisema.

Wote walimgeukia.

— Michezo gani?

— Kurusha tufe. Tufe za chuma zimekwisha. Walirusha moja ikaingia kwa jirani, jirani akakataa kuirudisha.

— Lini? aliuliza Zubair.

— Lini nini?

— Tarehe, Hansadi. Wewe husemi jambo bila tarehe.

— Mwaka juzi, alisema Ombok. Au ule mwingine.

Ubah alimtazama kwa muda mrefu kupita kawaida, kisha akammiminia kahawa bila kuulizwa.

Wakati huo msichana alikuwa akija kutoka upande wa kijito. Tope lilikuwa limemfika magotini. Mgongoni alikuwa na begi la vitabu, na mikononi jiwe la kijivu, kubwa kuliko kichwa cha Mose na dogo kidogo kuliko cha Zubair.

— Limeanza! alinong'ona Mose.

Zubair alinyanyua mikono.

— Dada, liweke chini. Polepole. Sisi hatuna ubaya na chuo.

Msichana aliliweka chini, akajifuta jasho kwa kiwiko.

— Wazee, habari zenu. Naitwa Lavender, niko kwa kamati ya wanafunzi. Hili jiwe ni la mfano, napeleka getini. Hii ndiyo base ya mzee anaitwa Hansadi?

Wote walimtazama Ombok, na hilo lilikuwa jibu.

— Dada, kwanza tuambie, alisema Ubah. Mawe ni ya nini?

— Ya mtoni, mama. Si mnajua hapo chini? Wengi wetu tumepanga vyumba ng'ambo. Mvua ikinyesha huvuki. Wiki jana mwenzangu aliteleza na maji, akafika mtihani umebaki dakika ishirini. Tumeandika barua tatu. Kampasi inasema kijito kiko nje ya ua wao. Kaunti inasema hiyo si barabara, ni kinjia. Tukasema basi, Jumatano tuandamane, lakini kila mtu na jiwe lake, tushuke mtoni tujenge wenyewe, na wao waje watuzuie.

— Mbona notisi haisemi hivyo? aliuliza Mose, aliyekuwa amekosa ukuta wake.

— Tuliandika. Ofisini wakafuta neno daraja, wakasema ni uchochezi. Jiwe wakaliacha.

Zubair alishusha mikono.

— Kwa hiyo vioo havina shida?

— Vioo gani, mzee?

— Endelea, mwanangu, endelea.

— Sasa mawe yatashika kingo zote mbili, alisema Lavender. Shida ni katikati. Ni kina kirefu, jiwe linazama. Jana nilikutana na mama mmoja akitoka kanisani, anaitwa Ruth, anazunguka na barabara. Akaniambia zamani hapo kulikuwa na mbao. Ya mkaratusi, nene hivi, upande mmoja ina tundu la kupitisha nondo. Nikamuuliza iliishia wapi. Akasema yeye hawezi kujua, lakini kijiweni kwa Zubair kuna mzee anayekumbuka kila kitu. Akaniambia, "Muulize yeye." Basi ndiyo nauliza, mzee. Ile mbao ilienda wapi?

Mose, ambaye alijiunga na kijiwe mwaka 2022 na hakujua lolote, alitazama kidole chake ndani ya tundu. Alikitoa taratibu, kama mtu anayekitoa mdomoni mwa mbwa aliyelala. Zubair aliangalia angani kuona kama mvua ingemsaidia. Ubah alishika termosi, akainamisha juu ya kikombe cha Zubair, likatoka tone moja na mvuke kidogo.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Jibu Ombok alikuwa nalo. Maneno mawili tu, tayari yameshazoea kutamkwa: maji yalibeba. Msichana angeshukuru, angechukua jiwe lake aondoke. Ombok alitazama viatu vya msichana, vya mpira, ambavyo rangi yake ilikuwa imefichwa yote na tope. Akafikiria viatu vya Ruth vya Jumapili, ambavyo alivipeleka kwa fundi mara mbili kwa mwaka, visigino vimelika kwa lami. Tarehe zote mbili za kila mwaka alizikumbuka.

Akakiweka kikombe chini.

— Naamka, alisema.

— Sasa hivi? aliuliza Zubair.

— Naamka, Zubair. Na wewe amka. Mose, shika upande huo wa tundu.

— Omogaka, alisema Mose, akitumia neno la Kigusii la heshima kwa mtu mzima. Kwa hiyo siku hizi zote…

— Shika tu.

Lavender alisimama katikati yao, akimtazama mmoja baada ya mwingine, mpaka ubao ulipoinuka kutoka kwenye mawe na kuanza kuteremka kuelekea kijitoni, Ombok na Zubair wakiubeba tena kama Mei ile ya 2020, ila sasa Zubair alihema zaidi. Alichukua jiwe lake akawafuata.

Jumatano walikuja wanafunzi wapatao mia nne, si elfu tatu, na mia nne walitosha. Ilipofika saa nane mchana ubao ulikuwa umelala juu ya mawe, na mtu wa ofisini alikuwa amekuja kupiga picha.

Ombok hakungoja Jumatano kumwambia Ruth. Alimwambia jioni ileile ya Jumatatu, akisimama mlangoni, suruali ina tope. Ruth alikuwa akichambua mboga za managu.

— Nilijua, alisema. Agosti 2021 nilikuletea mwavuli pale dukani, nikaona tundu.

— Na mbona hukusema?

— Nilikuwa nangoja Hansadi akumbuke.

Kati ya wote waliotajwa, Ruth yuko hai, na Jumapili anavuka kwa dakika tano. Ubah yuko hai na bado anauza kahawa kwenye kona ileile, wateja wake wakikalia viti vya plastiki. Mose yuko hai, ana pikipiki mpya, na husema kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Lavender alimaliza masomo, anafanya kazi Kisumu. Zubair alifariki Agosti 2025, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri, na wanafunzi waliokuja kumzika walivuka kijito viatu vikavu. Waliobeba ubao mara zote mbili walikuwa wawili, sasa amebaki mmoja. Ombok yuko hai. Hukaa kwenye kiti chake cha plastiki mwisho wa safu, na akitaka kwenda nyumbani bado husema, "Naamka," kisha hungoja kidogo ili mtu wa upande wa pili ajishikilie.