Mama Fumba na Nusu Mita ya Mahameli

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Fumba atafunga mlango wa Chumba Namba Saba na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ameitumikia idara ya tiba ya viungo ya hospitali hii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili kasoro siku mbili. Siku hizo mbili nazitaja kwa sababu wapo wanaotaka kumwandikia miaka thelathini na mitano juu ya keki. Keki ni ya wote, hesabu iwe ya kweli.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi cherehani wa hospitali, kazi ya kuandika wasifu huu. Nilipouliza kwa nini mimi, muuguzi mkuu alijibu kwamba katika jengo zima hakuna mwenye malalamiko mengi dhidi ya Mama Fumba kunishinda, kwa hiyo sitakosa la kusema. Hakukosea. Naanza na malalamiko.

Mwaka wake wa kwanza kazini alikuja chumba cha cherehani kuomba vitambaa viwili tu, vile vinavyobaki baada ya kukata. Nikampa. Kufika Desemba vilikuwa vimeondoka vipande arobaini na kimoja, na kimoja kati ya hivyo hakikuwa baki la chochote: kilikuwa nusu mita ya mahameli nyekundu niliyoitenga kwa ajili ya kiti cha wageni cha ofisi ya mkurugenzi. Kiti kikavishwa khaki, na mpaka leo kinavaa khaki. Nilipomfuata, aliniambia niache uchoyo, vitambaa vyangu vimekwenda kusomesha mikono. Nikaona ananifanyia mzaha. Mimi niliingia hospitali hii na fagio, nikajifunza kushona peke yangu kwa kufumua magauni ya wagonjwa yaliyochanika na kuyashona upya, saa ya chakula, mwaka mzima. Mkono wangu haukusomeshwa na mtu.

Chumba Namba Saba alikikuta ni ghala la vitanda vibovu. Futi kumi kwa kumi na mbili, dirisha moja. Najua kwa sababu nimekishonea mapazia mara tatu. Akaweka meza, viti viwili, beseni la mchele mbichi na mfuko wa vitambaa vyangu. Wagonjwa wa kiharusi waliofika kwake walikuwa wameshaanza kuinua mkono, lakini kiganja hakikujua kimeshika nini. Aliwaambia wote maneno yale yale: mkono haujafa, kichwa ndicho kilichosahau njia ya kuufikia, na tutaipita njia hiyo kila siku mpaka kikumbuke. Kisha akawaambia wafumbe macho. Ndipo alipopata jina. Lile la kwenye kitambulisho sidhani kama tuko watano tunaolijua.

Rejista yake ina wagonjwa 2,316. Yumo dereva wa lori aliyefumba jicho moja tu, akidai la pili limeshazoea kutazama barabara. Yumo mwalimu mstaafu aliyeopoa harage moja kwenye beseni la mchele, akataka darasa zima limpigie makofi. Darasa lilikuwa mkewe na kiti kitupu. Na siku mkurugenzi alipokuja kukagua, Mama Fumba alimwambia afumbe macho anyooshe mkono, akamwekea ufunguo wa ofisi yake mwenyewe. Mkurugenzi, mzima wa afya, aliupapasa, akatafakari, akatangaza kwamba ni kitana. Alipangiwa miadi ya Jumanne.

Miaka sita iliyopita ikafika zamu yangu. Kiharusi kilinikuta nikikata shuka. Mguu ulirudi baada ya wiki tatu, nguvu ya mkono baada ya miezi miwili, ila kiganja cha kulia kilibaki kama nimevaa glovu ya mtu mwingine. Mke wangu alisema nashika kikombe kama niliyekabidhiwa nyoka. Fundi haoni kitambaa kwa macho, anakiona kwa vidole. Na tangazo lilikuwa limeshabandikwa ubaoni: mwisho wa mwezi chumba cha cherehani kiwe na fundi, la sivyo ushonaji utapelekwa nje. Miaka thelathini na moja ya jasho langu, na nilikuwa na siku kumi na tisa.

Mama Fumba akanikalisha. Fumba macho. Akaanza kunipa vitambaa kumi, kimoja kimoja, vyangu vyote, na mahameli yangu ikiwemo. Kila nikikosa ananitajia jina. Siku ya tatu nikagundua jambo: mpangilio ulikuwa ule ule. Khaki, taulo, bitana, gunia, flana, jinzi, lasi, mahameli, drili, pamba. Mimi namba hazinipotei. Nikaukariri, nikaanza kupanda polepole ili nisishukiwe: leo vinne, kesho kutwa sita, wiki ijayo vinane. Siku ya kumi na tano nikapata kumi kwa kumi. Mama Fumba alirukaruka. Alimwita muuguzi mkuu, akaniandikia barua ya kurudi kazini, akanikumbatia. Kiganja kilikuwa hakijasikia hata kukumbatiwa huko.

Nikarudi kwenye cherehani. Foronya sita zilipita salama kwa kukodoa macho. Kisha nikaingia kwenye shuka, na kengele ya chai ilipolia nikasimama nikaenda zangu kantini. Kumbe nilikuwa nimeshona mkono wa kulia wa shati langu pamoja na shuka kwa mshono mmoja, mzuri kweli, na mkono wenyewe haukuniambia kitu. Nilitembea mita thelathini na nane za korido huku shuka ikinifuata. Wauguzi watatu walinipisha kwa heshima wakidhani napeleka mzigo wodini. Mama Fumba alikuwa amesimama mlangoni pake. Akaitazama shuka, akanitazama usoni, akanipa hongera: bwana harusi, bibi harusi tumwone lini?

Kisha akaniingiza ndani. Fumba macho. Akaniwekea kitu kiganjani, nikajibu bila kusita kwamba ni khaki. Ulikuwa mswaki. Cha pili nikasema taulo. Kilikuwa kijiko.

Nilingoja matusi. Badala yake alikaa, akafungua rejista yake. Alikuwa akipiga hesabu: miaka ishirini na minane mpangilio mmoja, na ni wagonjwa wangapi waliompiga chenga kama mimi? Wiki ile aliwaandikia barua wagonjwa wote wa mwaka ule warudi kupimwa. Walirudi kumi na mmoja. Wanne walikuwa wamekariri, mmoja wao hakimu.

Halafu akaenda kwa mkurugenzi. Hakusema fundi alidanganya. Alisema kipimo chake ndicho kilichokuwa kibovu, kosa liandikwe kwa jina lake, na chumba cha cherehani kisubiri miezi minne bila kupewa mtu. Inasemekana mkurugenzi alikumbuka kitana, akatia saini haraka.

Tulifanya kazi siku mia moja na kumi na mbili. Mkono wa kushoto ushike kwanza, kisha wa kulia. Bahatisha, fumbua, tazama, fumba tena. Vitambaa alivitikisa mfukoni kama karata. Siku ya kwanza nilipata sifuri, sifuri halali. Siku ya arobaini nikasema gunia, na lilikuwa gunia. Nililia, na kila aliyesema ni mafua namshukuru. Siku ya mwisho nilipata saba. Saba zile sikuwahi kuzikariri. Nilirudi kazini, na ndipo nilipo, mikono ya shati nimeikunja mpaka kwenye viwiko.

Wiki iliyopita Mama Fumba alirudisha vitambaa vyangu. Nikahesabu: arobaini. Nikamwambia kimepungua kimoja, na anakijua. Akaniambia nifumbe macho. Kikatua kwenye kiganja cha kulia. Sikuharakisha. Nikamwambia ni mahameli, na upande mmoja vinyweleo vimekwisha, vimeliwa na vidole vya watu elfu mbili. Nilipofumbua, yeye ndiye aliyekuwa na mafua.

Gauni atakalolivaa siku ya sherehe nimelishona mimi, ingawa wakati wa kupimwa hakutulia hata dakika moja. Ile mahameli nimeitia ndani ya mfuko wa kulia, mahali ambapo ni mkono tu utakaoiona. Kabla ya hotuba tunamwomba autie mkono humo, macho yakiwa yamefumbwa. Jibu ameshalisoma hapa, kwa hiyo atakuwa ameibia mtihani. Mara moja katika miaka thelathini na minne anaruhusiwa.

Asante, Mama Fumba. Sisi wa cherehani, wa wodini na wa ofisini tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasiotulia. Mahameli nenda nayo nyumbani. Safari hii hukuichukua, umepewa.